Beringi ya Katikati

Siku bloku ya injini ilipoletwa gereji kwangu, Garsen, nilikuwa nimelala chali chini ya pikapu ya muuza samaki, nikifungua gia boksi. Nilisikia lori dogo la kenta likisimama, nikaona miguu ya mwanamke ikishuka upande wa abiria, ndara za bluu, vumbi jeupe mpaka kwenye vifundo. Halafu nikaisikia sauti yake ikiwaambia wapagazi washushe taratibu. Niliijua sauti ile. Sikutoka. Nilibaki pale chini, spana mkononi, oili ikinidondokea shingoni, nikijiambia kwamba pengine ameleta kitu kingine, baiskeli, jembe la kuchomelewa, chochote.

Alikuwa ameleta injini ya pampu. Silinda mbili, ya dizeli, ile ile niliyoifunga kwa mikono yangu miaka miwili nyuma, ikafanya kazi siku nane, ikafa.

Nilipojikokota nikatoka, alikuwa amekwisha kukaa juu ya tairi kuukuu ninaloliweka kwa ajili ya wateja. Ni mama wa makamo, mkulima wa kijiji kimoja kando ya mto, upande wa Hewani, ambako wanawake wana kikundi chao cha kulima mahindi na ndizi kwa maji ya pampu. Mkono wake wa kushoto uliishia chini kidogo ya kiwiko. Kigutu alikuwa amekifunika kwa ncha ya leso, lakini upepo wa Garsen haumstahi mtu. Uliifunua kila mara, naye akairudisha bila kuangalia.

Tulisalimiana. Aliniuliza hali ya nyumbani, nami nikamuuliza ya kwake, huku macho yangu yakikimbilia kwenye bloku. Kisha akanieleza kwamba kikundi kilikuwa kimekaa, kikakubaliana injini itengenezwe tena, na wakasema irudi kwa fundi wao.

"Lakini safari hii nitakuwa hapa ikifunguliwa," akasema. "Watu walisema iliuawa na oili yangu. Nataka nione kwa macho yangu kilichoiua."

Nikamwambia hakuna taabu, mama.

Inabidi nieleze nilichokuwa nakiogopa.

Mara ya kwanza injini ile ilikuja kwangu ikiwa imechoka tu, inatoa moshi, inagonga kidogo. Niliivua yote, nikaosha bloku, lile bonge la chuma lililo mwili wa injini, nikatia beringi mpya. Beringi za injini kama ile si za gololi. Ni vipande vya chuma laini, nusu duara, viwili viwili, vyembamba kama ganda la ukwaju. Vinalikumbatia kranki, ule mhimili mzito unaozunguka chini ya pistoni. Ndani ya bloku kuna mishipa, vijitundu virefu vinavyopeleka oili kwenye kila beringi, na kati ya beringi na kranki hakuna kinachozuia chuma kisile chuma ila utando ule wa oili. Ukikatika dakika chache, beringi inayeyuka na injini inashikana.

Alasiri moja, bloku ikiwa safi mezani, upepo wa vumbi ulianza kuvuma kutoka upande wa barabara ya Malindi. Nilichana pazia kuukuu la kijani, nikapata vipande vipande, nikaviziba vinywa vya mishipa ili mchanga usiingie. Asubuhi nikavitoa, nikatia beringi, nikafunga. Sikuhesabu nilivyotia. Wala sikuhesabu nilivyotoa.

Siku ya tisa tangu pampu iwashwe kule shambani, walinipigia simu. Nilikwenda kwa boda. Nilitia chuma kwenye pulei, gurudumu la mbele la injini, nikajaribu kulizungusha kranki, halikusogea hata unywele. Wanawake walikuwa wamenizunguka, wengine na majembe mabegani, na mama huyu mbele yao, maana yeye ndiye aliyekuwa mwangalizi wa pampu. Ndiye aliyenunua oili na kuipima kila asubuhi. Wakaniuliza imekufa kwa nini. Wakati ule ule lile pazia la kijani lilinijia, kama mtu amelitandaza mbele ya macho yangu. Nikasema, "Huenda ni oili. Ilikuwa mbovu, au ilipungua."

Nilisema huenda. Lakini fundi akisema huenda, watu husikia ndiyo.

Walimnyang'anya kazi ya pampu. Mahindi yaliyokuwa yamefika kifuani yalikauka mbele ya macho yao, na mto unapita hatua hamsini kutoka hapo. Injini ikafunikwa turubai bandani. Wanawake wakarudi kwenye ndoo, kumwagilia ndizi zilizobaki. Mwezi wa tatu tangu hapo, mamba alimkamata mama yule akiinama kuteka maji. Kaka yake alimshika kiunoni akamvuta, na mto ukabaki na mkono.

Habari ile niliipata hotelini, asubuhi, kutoka kwa kijana wa boda. Watu walisema pole, wakaendelea na mahamri yao. Mimi nililipa nikaondoka. Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Nilichokishikilia ni kwamba sikuwa na hakika. Injini ilikuwa imeshikana, imefunikwa, na maadamu hakuna aliyeifungua, mimi nilikuwa fundi aliyesema huenda.

Sasa ilikuwa imelala uani kwangu, na mwenyewe amekaa juu ya tairi akinisubiri nishike spana.

Nilianza siku ile ile, kwa kuwa sikupata kisingizio. Niliipindua, nikafungua karai la oili la chini, nikamwaga uchafu uliobaki. Ulitoka mzito, na ndani yake vilimetameta vipande vyembamba vya chuma. Yeye alinyanyuka akachungulia. Nikafungua vifuniko vya beringi kimoja kimoja. Cha mbele, beringi ilikuwa imechakaa kidogo tu. Cha nyuma vivyo hivyo. Cha katikati kilikataa. Nilikigonga kwa nyundo ya shaba mpaka mikono ikafa ganzi, na kilipotoka, beringi yake ilikuwa haina umbo tena. Ilikuwa imeyeyuka, imejizungusha, imelikwaruza kranki mikwaruzo ya kuingia ukucha. Chuma kilichoyeyuka kilikuwa kimejaa hata kwenye tundu la oili, kikaliziba. Hakuna ambaye angeweza kuona kilichokuwa ndani zaidi.

"Hii ndiyo iliyokufa?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, ilikosa oili.

Alizitazama zile nyingine mbili, akaipapasa moja kwa kidole chake. "Na hizi? Oili ilikuwa ni ile ile. Kwa nini hizi hazikufa?"

Nimefanya kazi hii tangu nikiwa kijana Kipini, na mafundi wenye vyeti hawajawahi kuniuliza swali lililonyooka vile. Nilijifanya natafuta brashi. Nilimwambia bado naangalia, mama, injini husema pole pole. Kisha nikamshauri aende akanywe chai ng'ambo ya barabara, jua lilikuwa kali, kazi iliyobaki ni ya kuosha tu. Alikataa mara ya kwanza. Mara ya pili akakubali.

Alipovuka barabara, nilichukua bisibisi nyembamba nikakwangua kile chuma kwenye tundu la katikati. Bisibisi iliteleza ikanichoma kiganja. Tundu lilipofunguka nikaingiza waya wenye ncha iliyopindwa. Ulikwama kwenye kitu laini. Nilijua kabla ya kuvuta. Nilivuta.

Kilitoka kipande kisichozidi kidole gumba, cheusi, kimeshikamana kama gundi. Nilikitia kwenye mafuta ya taa nikakifikicha. Rangi ya kijani ikatokea.

Sijui nilisimama pale muda gani. Nakumbuka nilisikia sauti ya glasi kutoka hotelini, nikadhani anarudi. Nikakikamua, nikakitia mfukoni. Alipofika nilikuwa nimeinamia bloku, nasugua kwa brashi kama mtu anayelipwa kwa jasho. Akauliza kama nimeona kitu. Nikasema bado.

Uongo wa kwanza niliusema kwa kutojua, au nilijifariji hivyo. Huu wa pili niliusema nikiwa na ushahidi umenilowesha paja.

Kranki lilipelekwa Mombasa kwa basi, likachongwe upya, na mimi nikabaki na bloku siku sita. Yeye alifikia kwa mpwa wake hapa hapa Garsen. Kila asubuhi alikuwa ananitangulia gereji. Nilitamani achoke. Hakuchoka, na baadaye akaanza kunisaidia. Nilichemsha maji kwenye pipa, nikatia sabuni ya unga, nikaiosha bloku mara mbili, kisha mafuta ya taa, kisha maji tena. Nilivichomoa vizibo vyote vya mishipa, hata vile ambavyo mara ya kwanza sikuvigusa. Nilipitisha waya kila tundu, nikapuliza kwa hewa ya kompresa, kisha nikamulika kwa tochi ya simu, yeye akichungulia upande wa pili, na mwanga ukimfikia mwembamba kama sindano, alikuwa akisema, "Naona."

Siku ya nne, bila mimi kumuuliza, aliniambia habari ya mamba. Aliisimulia kama anasimulia safari ya sokoni. Maji yalikuwa ya matope, hakuona kitu. Hakusikia maumivu mwanzoni, alisikia uzito tu, kama mtu amemshika ili amsalimie na hataki kumwachia. Kilichomuudhi zaidi, alisema, ni kwamba ile asubuhi hakuwa na haja ya kwenda mtoni. Zamani, wakati wa pampu, saa ile angekuwa bandani anapima oili.

Nilikuwa nimeshika waya ndani ya bloku. Niliendelea kuuzungusha kwenye tundu lililokuwa safi tangu juzi. Kile kitambaa nilikuwa nimekihamishia kwenye kopo la misumari, na siku zile sikuweza kulitazama lile kopo. Nyumbani chakula hakikupita. Mke wangu alidhani nina malaria, akaninunulia dawa. Nilikuwa na hofu za kila namna: kwamba kaka yake angekuja na wanaume wa kijiji, kwamba hakuna tena mtu kati ya Garsen na Madogo atakayeniletea hata plagi nisafishe, kwamba yule mama mwenyewe anajua tayari, na anakaa pale kuniangalia nitadanganya mpaka lini. Hii ya mwisho ndiyo iliyonitisha kuliko zote. Kuna wakati nilikuwa nikiinua macho namkuta ananitazama, naye hayaondoi yake.

Kranki lilirudi siku ya saba, limefungwa kwa gunia, linang'aa, pamoja na beringi mpya nene kidogo kuliko za kwanza, kwa kuwa kranki lilikuwa limepunguzwa. Nililitundika, nikanawa mikono, nikafuta meza. Nilifungua pakiti ya beringi. Zilikuwa safi kama sarafu zilizotoka kiwandani, na nilipoishika ya katikati nikagundua kwamba siwezi kuiweka. Mkono haukutaka kwenda.

"Mama," nikasema, "oili yako haikuwa na kosa."

Alikuwa anapanga bolti juu ya gazeti. Hakuinua kichwa. "Najua haikuwa na kosa. Niambie kosa lilikuwa wapi."

Nililichukua kopo la misumari, nikatoa kile kipande, nikakiweka juu ya gazeti mbele yake. Nilimweleza pazia, upepo, vinywa vya mishipa, asubuhi ambayo sikuhesabu. Maneno yalitoka yamevurugika, nikarudia mengine mara mbili. Yeye alikitandaza kile kitambaa juu ya goti kwa mkono wake mmoja, akikivuta pembe hii na ile, mpaka kikanyooka.

"Umekiona lini?"

"Siku ile ulipokwenda kunywa chai."

"Na ulipokuja kule shambani ukasema ni oili. Ulijua?"

Hapo ndipo nilipotamani ardhi ipasuke. Ningeweza kusema hapana, na isingekuwa uongo wote.

"Sikujua," nikasema. "Lakini nilishuku."

"Ulishuku," akarudia.

Nilimsubiri aseme juu ya mkono. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, kama mtu anavyojiandaa kupigwa. Hakusema. Alikitazama kitambaa, kisha akaitazama bloku, na sauti ilipotoka ilikuwa kavu.

"Kuna kingine ndani?"

"Hakuna. Uliona mwenyewe kwa tochi."

"Nionyeshe tena."

Nilimwonyesha. Tundu baada ya tundu, yote tuliyarudia, waya, hewa, tochi. Tulipomaliza akakifunga kile kitambaa kwenye pindo la leso yake.

"Funga injini," akasema. "Ukimaliza utakwenda nayo mpaka kule, na utayasema haya mbele ya wenzangu. Mimi sitakusemea."

Sijawahi kufunga injini kwa woga kama ule. Nilipaka oili kwenye beringi kwa kidole, nikaziweka mahali pake moja moja, nikihakikisha tundu la beringi limekaa sawasawa juu ya tundu la bloku. Yakipishana, ni kama hukutoboa. Niliangalia mara tatu, nikamwambia aangalie naye. Nikalishusha kranki polepole kama mtu anayelaza mtoto. Vifuniko vina alama, cha kwanza, cha pili, cha tatu, na kila kimoja kina mbele na nyuma yake. Nilivifahamu kama majina ya wanangu, hata hivyo nilivisoma kila mara kwa sauti. Nikakaza bolti za katikati kwanza, kidogo, kisha za pembeni, na baada ya kila mkazo nikalizungusha kranki kwa mkono. Lilizunguka bila kukwama, zito, laini. Kila mara nilitazamia ligome. Halikugoma, na kutogoma kwake hakukunituliza, maana hata ile ya kwanza ilizunguka vile vile.

Siku mbili baadaye tulipanda kenta, yeye mbele na dereva, mimi nyuma na injini yangu. Njiani nilishika kamba za mzigo nikiwaza nitakavyoanza kusema. Mabonde yalikuwa makavu, ng'ombe wa Waorma wakivuka barabara bila haraka, na nilitamani kila kundi liwe kubwa zaidi ili tuchelewe.

Wanawake kama ishirini walikuwa wamekusanyika kwenye banda la pampu. Waliimba tuliposhusha injini. Niliifunga kwenye sakafu yake, nikaunganisha bomba, na kabla ya kuiwasha, yule mama aliwanyamazisha akasema fundi ana neno.

Nilisema. Nilisema yote, na la kushuku pia. Nyimbo zilizokuwa zimebaki midomoni mwao ziliisha. Mmoja alianza kulia, mwingine akasema kwa Kipokomo jambo ambalo sikulielewa na sikutaka kutafsiriwa. Kaka yake yule mama alikuwa amesimama mlangoni, mtu mrefu, mkulima, mikono imejaa makovu. Nilimtambua kwa sura. Alinitazama mpaka nilipomaliza, akageuka akaenda zake. Nilimwogopa zaidi kuliko kama angenikaba.

Walizungumza muda mrefu nami nikiwa nje juani. Kisha waliniita. Msemaji wao, mwanamke mzee kuliko wote, aliniambia kwamba jambo la mkono si lao kuliamua, ni la mwenyewe. La injini ni lao. Nitawasha, na nitakaa pale pale bandani mpaka wao waseme niende. Kisha alifungua fundo la leso, akatoa ufunguo wa banda, akampa yule mama kwa mikono miwili. Walimwomba radhi mbele yangu, mmoja mmoja. Yeye alipokea mikono yao, lakini niliona kwamba si wote aliowatazama usoni.

Injini iliwaka nilipojaribu mara ya tatu. Maji yalipotokeza mdomo wa bomba na kukimbilia mferejini, hakuna aliyeimba. Wote walikuwa wakiniangalia mimi.

Nilikaa kule siku kumi na moja. Pampu ilifanya kazi asubuhi na alasiri, na saa zote zile nilikaa kwenye kigoda karibu nayo, jicho kwenye mshale wa presha ya oili, sikio kwenye mlio. Injini haina mlio mmoja. Jua likipanda hubadilika, bomba likivuta jani hubadilika, na kila ilipobadilika niliinuka kwenye kigoda. Niliacha kusikia ndege, niliacha kusikia watu wakinisemesha. Yule mama alikuja kila asubuhi, akafungua banda kwa ufunguo wake, akapima oili, akanionyesha kijiti cha kupimia, akaenda shambani. Chakula nililetewa. Hawakuniacha na njaa hata siku moja, na hilo nalo lilikuwa gumu kulimeza.

Siku ya tatu kaka yake alitokea kwenye njia ya mto, panga mkononi. Nilisimama. Nyuma yangu palikuwa na ukuta wa banda, mbele yangu yeye, na injini inanguruma, hata ningepiga kelele nani angesikia. Alinipita. Aliteremka mpaka ukingoni pale bomba linapoingia majini, akaanza kufyeka matete. Alifyeka karibu asubuhi nzima, mpaka pakawa peupe, mtu akiteremka anaona maji yote. Alipopanda alisimama kidogo mlangoni akifuta panga kwa majani. "Ukiteremka," aliniambia, "usiiname kabla hujatazama." Hakusema neno jingine siku zile zote.

Siku ya tano, kama saa nne asubuhi, mlio ulizama ghafla, na maji mferejini yakapungua yakawa kama ya bomba la jikoni. Niliizima injini kabla ya kufikiri. Nilishika bloku kwa kiganja, haikuwa na joto la kutisha. Presha ilikuwa nzuri. Nikajua si beringi. Ni chujio la chini ya bomba, limeziba kwa majani na matope. Lilikuwa majini, kina cha kiuno.

Wanawake walikuwa wamesikia kimya wakaja mbio, na yule mama akiwa mbele. Nikawaambia ni chujio, ni kazi ndogo. Sote tulikuwa tunatazama mahali pamoja.

Niliteremka. Sitajisifu kwa hilo. Kama angekuwepo mtu wa kumtuma ningemtuma. Kaka yake aliteremka nami akasimama ukingoni na mti mrefu, akipiga maji mbele yangu. Nilitazama kama alivyoniagiza. Maji ya Tana yana rangi ya chai ya maziwa, unatazama na huoni kitu ila juu yake. Niliingia. Matope yalinimeza mpaka kwenye mashavu ya miguu. Ili kulifikia chujio ilinilazimu niiname mpaka kidevu kikaguswa na maji, mikono yote miwili iko chini nisikoweza kuiona. Nilikuwa nikitoa majani kwa mafungu nikiyatupa, na kila fungu lililonigusa kifundoni lilikuwa na meno. Nilijisikia nikisoma dua kwa sauti. Kuna kitu kilinipita kwenye goti, samaki pengine, na nilijikojolea, mto ukanisitiri.

Nilipanda ukingoni. Nilikaa kwenye mashina ya matete yaliyofyekwa, yakanichoma, sikujali. Yule mama alisimama juu yangu. Nilidhani sasa atasema. Alisema niwashe injini, mahindi yanasubiri.

Siku ya kumi na moja nilimwaga oili ili niitazame. Niliifikicha kati ya vidole nikaielekeza juani, nikitafuta ule mmetameto. Palikuwa na kidogo, kama injini yoyote mpya inavyojisugua, si zaidi. Nilimwonyesha. Aliifikicha naye, akaitazama kwa muda mrefu kuliko mimi. Alasiri ile wakaniambia naweza kwenda.

Alinisindikiza mpaka barabarani kusubiri boda. Nilikuwa nimelibeba lile neno siku zote zile, nikalitoa vibaya, kama mtu anayekohoa. Nilimwomba anisamehe.

Boda ilikuwa inaonekana kwa mbali, vumbi lake limetangulia.

"Hilo liache kwanza," akasema. "Mwezi ujao njoo ubadilishe oili."

Nimekwenda mwezi ule na miezi mingi baada yake. Pampu ingali inafanya kazi. Mahindi yamevunwa mara tatu, na wateja wangu hapa Garsen hawakunikimbia wote kama nilivyodhani. Wengine waliondoka, wengine walikuja kwa sababu walisikia. Lile neno hatujalirudia. Tunasalimiana, tunaulizana nyumbani, tunapima oili. Namba yake imo kwenye simu yangu, na inapoita huwa siipokei mara moja. Wiki iliyopita iliita nikiwa msalani, ikakatika, ikaita tena. Nilitoka nikiwa nimelowa jasho. Alikuwa anataka kujua kama filta ya dizeli inaweza kuoshwa au lazima inunuliwe mpya.

Nikamwambia inunuliwe, mama. Akasema sawa, akakata.